Toa Mkono, Mama Atu

Mwanamume wa kwanza kufumua nywele za mwanangu bila kuniomba ruhusa alikuwa na upara. Naanza na hilo kwa sababu bado linaniuma. Nilikuwa nimeshinda Jumatano nzima nikimsuka Atupele mistari kumi na miwili, myembamba, iliyonyooka, kwa sababu huku kwetu mtoto hapelekwi hospitali kama ameokotwa. Ukimpeleka na nywele timutimu, nesi anakutazama wewe kabla hajamtazama mgonjwa. Basi tukafika Makandana, hospitali yetu ya Tukuyu, Alhamisi asubuhi, mvua inanyesha kama kawaida yake, Atu nimemfunika kanga mpaka machoni ili mistari isilowe, tukaingia chumba cha mwisho kwenye korido. Ndani kulikuwa na mzee mmoja, kompyuta moja, kitanda kimoja, na beseni.

Hakutusalimia. Alimgusa Atu kichwani kwa vidole viwili, akavinusa.

"Mafuta gani haya?"

"Ya upako," nikasema. Mama mkwe wangu alikuwa amempeleka mtoto kanisani kwao Lupepo Jumapili iliyopita, akaombewe.

Akanusa tena, amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Haya ni yangu," akasema. "Nilimpaka mwenyewe."

Kisha akachukua kitana, akavuta kistuli, akaanza na mstari wa kwanza.

Hospitali nzima ilimwita Mpimaji, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, ila alisema ni jina la kutumika siku ya mazishi yake tu, na siku hiyo haijafika. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Alhamisi alikuwa mtu pekee wilayani kwetu, kwa ninavyojua mimi, aliyeweza kukufunga waya kichwani akasoma ubongo wako unaandika nini. Watoto waliosemekana wana kifafa walipita mikononi mwake mara mbili kwa wiki moja: Jumapili anawapaka mafuta, Alhamisi anawaosha kwa sabuni ya kuoshea vyombo. Waya hazishiki kwenye ngozi ya mafuta.

Wamama walimuuliza, "Sasa Mpimaji, si upunguze tu mafuta huko kanisani?"

Alishtuka kweli kweli. "Nipunguze mafuta ya Bwana kwa ajili ya waya?"

"Basi usiwaoshe."

"Nisiwaoshe, halafu nisome nini? Mungu sijawahi kumsikia akilalamikia sabuni."

Na hapo ujue kwamba upara wake mwenyewe aliupaka mafuta kila asubuhi mpaka taa ya dari ilikuwa inaonekana humo ndani.

Sasa niseme kilichotupeleka. Atu alikuwa na miaka mitano, na alikuwa anakatika. Neno hilo ni langu, la daktari sikuwa nalijua. Anakatika kama umeme. Kijiko kimefika nusu ya safari kwenda mdomoni, kinasimama. Macho yanatazama ukuta, kope zinacheza, unahesabu mpaka kumi, halafu anarudi na kijiko kinamalizia safari. Haanguki, hatoi povu. Mwalimu wake wa chekechea alisema ni kiburi, akawa anamsimamisha pembeni, na Atu akawa anakatikia huko huko pembeni. Mama mkwe alisema kuna mtu anamtazama vibaya. Mume wangu alisema, "Anawaza tu." Anawaza nini, mtoto wa miaka mitano? Bei ya mbolea?

Mimi nilitaka kitu kimoja: mtu aniambie kwa uhakika mtoto wangu ana nini, na nilitaka aniambie hana kitu. Maana nililijua neno lile lingine. Nimesoma na msichana mwenye kifafa mpaka kidato cha nne, na nakumbuka bakuli lake lilivyokuwa likiwekwa peke yake kwenye bweni, limeandikwa kwa msumari, ili mate yake yasitupate. Nililikwepa bakuli lile na mimi. Nasema ukweli.

Kupimwa kwenyewe kulikuwa hivi. Alimpima Atu kichwa kwa futi ya fundi cherehani, akamchora alama kwa penseli nyekundu, mpaka nikamuuliza kama anamshonea kofia. "Tulia, Mama Atu," akasema. Akabandika waya mojamoja kwa gundi inayofanana na uji uliolala, waya ishirini na kitu, Atu akawa kama kitunguu kilichong'olewa na mizizi yake. Akamlaza, akanionyesha kiti pembeni, akakaa kwenye kompyuta akanipa mgongo.

"Alale," akasema.

Tulikuwa tumeagizwa tumwamshe saa kumi alfajiri ili aje na usingizi. Tulimwamsha. Aliyekuja na usingizi ni mimi. Atu alikuwa macho kama kuku wa mnadani.

Basi nikafanya anachofanya mama yeyote. Nikamwekea mkono mgongoni nikaanza kumpigapiga taratibu, pa, pa, pa, huku namwimbia chinichini. Na mistari kwenye skrini, iliyokuwa imetulia, ikaanza kuinuka na kushuka, minene, ya polepole, kwa mpangilio. Niliiona kutoka pale nilipokaa. Nikampigapiga zaidi, maskini, nikidhani nambembeleza. Ikazidi.

Mpimaji hakugeuka. "Mama Atu."

"Abee."

"Toa mkono."

"Mkono upi?"

"Huo unaomwandikia mwanao ugonjwa."

Nikautoa. Mistari ikalala.

Sijawahi kufurahi kama wakati ule. Nikasimama. "Kwa hiyo hana kitu!"

"Sijasema hivyo."

"Si umeona mwenyewe ni mkono wangu?"

"Mkono wako nimeuona. Sasa namtafuta mwanao."

Akamkalisha Atu kitako, akampa kititia alichokikunja kwa karatasi ya kalenda ya zamani, kimechomekwa kwenye kijiti. "Puliza, bibi. Kisisimame." Atu akapuliza kama anapoza uji. Dakika ya kwanza kinazunguka. Ya pili kinazunguka. Halafu kititia kikasimama. Atu alikuwa amekishika vilevile, mdomo umechongoka vilevile, kope zinacheza. Na kwenye skrini mistari yote, kuanzia ya juu mpaka ya chini, ilisimama pamoja kama darasa mwalimu mkuu akiingia: mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, mitatu kila sekunde.

Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa mapajani. Nikautazama wa pili. Nao ulikuwa mapajani.

Zikapita sekunde kumi hivi. Atu akaendelea kupuliza, kititia kikazunguka. "Nimeshinda?" akauliza.

Mpimaji akavua miwani. "Mama Atu," akasema taratibu, "huyo sasa ni yeye mwenyewe."

Nilimtukana. Sitayaandika yote, mwanangu siku hizi anajua kusoma. Nilianza na upara, nikashuka kwenye miwani iliyofungwa plasta, nikamwambia ameosha maombi kwa sabuni na huo ugonjwa umeingilia hapo hapo alipoosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa mahali panapostahili. Nilipoishiwa pumzi alinisogezea mkebe wa karanga. Karanga! Nikachukua. Nilikuwa sijanywa chai.

Ndipo akaniambia kwamba kipimo kitaangaliwa na daktari anayekuja kutoka Mbeya mara moja kwa mwezi, kwamba kifafa kina aina nyingi na hiki cha kukatika mara nyingi kinasikia dawa, na kwamba wapo watoto wanaokiacha wakikua kama wanavyoacha viatu. "Na mwalimu wa chekechea," akasema, "mwambie nitampima na yeye kiburi chake, bure."

Daktari akakubaliana na Mpimaji, dawa zikaanza, na mimi nikaendelea kumchukia mzee yule karibu mwaka mzima. Mtu akikupa habari mbaya ambayo ni ya kweli, huna pa kuirudisha.

Lakini kumchukia kulikuwa kazi ngumu, kwa sababu ya mambo kama lile la kikombe.

Mama mkwe alivyosikia neno kifafa, alimtengea Atu kikombe. Cha kijani, cha plastiki, kinakaa dirishani peke yake. Niligomba nikachoka. Nikamwambia Mpimaji siku ya kufuata dawa, kwa hasira tu, sikuwa naomba msaada. Jumapili baada ya ibada tukamwona anapanda kilima cha Lupepo na suti yake ya kahawia, matope mpaka magotini. Akakaa sebuleni. Mama mkwe akakimbilia kabatini kuchukua kikombe cha wageni, kile cha maua. Mpimaji akamgeukia Atu, aliyekuwa amekaa na kikombe chake cha kijani, akakichukua mikononi mwake, akanywa uji wote mpaka mwisho, kwa sauti, akapangusa ukingo kwa kidole, akalamba kidole, akamrudishia.

Atu akaangua kilio. "Kamaliza uji wangu!"

Mama mkwe alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Mimi nakaa hapa," Mpimaji akamwambia. "Nitazame vizuri, mama. Nikianguka, mnipeleke hospitali nikaoshwe mafuta."

Alikaa saa mbili. Hakuanguka. Jumapili iliyofuata akaja tena ili aonekane bado hajaanguka, na akanywa uji wa Atu tena. Ya tatu vilevile. Mama mkwe akaanza kupika sufuria kubwa zaidi, akilalamika, "Kyala! Mzee huyu anakunywa fijo!" maana yake Mungu wangu, anakunywa kupita kiasi, na siku moja bila kutambua, akiwa na haraka ya kumwahi asimalize, akakinga uji wake mwenyewe kwenye kikombe cha kijani akanywa. Kikombe kikarudi kabatini na wenzake.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa najaribu kumchukia.

Kazi niliipata kwa sababu ya mdomo. Kila nilipofuata dawa nilikuwa nawakuta wamama kwenye korido wamekataa kufumua watoto. Wengine waliondoka kabisa, wamebeba mtoto na misuko yake, hajapimwa. Siku moja kuna mama kutoka Kiwira alikuwa anaondoka hivyo, na binti yake alikuwa ameanguka kwenye moto wiki ile, mkono umefungwa bendeji. Sikujua nimesimama saa ngapi. Nilimwambia, "Dada, kaa chini. Mimi nilimtukana yule mzee kwa ajili ya mistari kumi na miwili, na mistari ilikuwa mizuri kuliko hiyo yako. Kaa nikufumulie." Akakaa. Nikafumua, nikaosha, nikakausha, huku namsema.

Mpimaji alikuwa amechungulia mlangoni, anatafuna. "Huyu aliyenitukana ndiye ninayemtaka," akamwambia nesi mkuu. "Kama mimi aliniweza, wenzake atawaweza."

Nikaajiriwa kama mhudumu, kazi yangu vichwa. Lakini ukiosha kichwa halafu ukakaa kwenye chumba kile, huwezi kutoitazama mistari. Na nilikuwa na sababu. Nilitaka siku moja niisome ya mwanangu mwenyewe, nimkamate Mpimaji amekosea.

Mwenyewe alijifunza ukubwani. Alikuwa tabibu wa kawaida, wa malaria na vidonda, mpaka mashine ilipokuja na ikawa inafunikwa kitambaa kwa kukosa wa kuisoma. Wakampeleka kujifunza wiki chache. Alirudi, anavyosema, anajua mambo mawili: kuiwasha na kuiogopa. Mengine alijifundisha kwa kujifunga waya mwenyewe. Alijipima akipepesa macho, akimeza mate, akitafuna, akipiga chafya, akitaka kupiga chafya ikakataa. Alimpima mlinzi, alimpima mpishi, alimpima mchungaji, na kipimo cha mchungaji hakumwonyesha mtu, alisema tu kwamba mchungaji anasinzia haraka sana kwa mtu wa kazi ile.

Yote hayo aliyaandika kwenye daftari moja kubwa lenye jalada gumu, juu yake kwa kalamu nyekundu: MAKOSA. Humo kulikuwa na kila kitu kinachofanana na kifafa na si kifafa. Taya. Kope. Jasho. Kwikwi. Waya uliolegea. Simu mfukoni mwa baba. Kila kosa na namba yake, na kipande cha kipimo kimebandikwa. Maneno aliyonifundisha ya kwanza ndiyo hayo: "Kwanza mtafute mtu, ndipo ukitafute kifafa." Maana mtu ana macho, ana ulimi, ana moyo, ana njaa, na vyote hivyo vinaandika. Ukishamtoa mtu wote, kinachobaki ndicho cha kukihofia.

Alinifundisha kwa vitu vya nyumbani, namshukuru. Ubongo wa mtu aliyefumba macho akatulia, alisema, ni shamba la chai lililochumwa juzi, limelingana. Akianza kulala, ni vilima vya kwenda Kiwira. Na ule wa Atu siku ya kititia: mlingoti, yaani mkaratusi, na kilima, mlingoti na kilima, hakuna aliyekata mlingoti hata mmoja.

Miezi ya kwanza nilikuwa naona kifafa kila mahali. Nilikiona kwenye meno ya kitana. Nilikiona kwenye mabati ya jirani. Mume wangu akikoroma nilikuwa nahesabu mitatu kwa sekunde. Mpimaji akinipa kipimo, kabla hajakaa nimeshapiga kelele, "Mwiba!"

"Wapi?"

"Huu hapa. Na huu. Na huu. Huyu mtu anakufa."

"Huyu ni mimi," alisema siku moja. "Nakula karanga."

Aibu ile ilinifundisha kidogo. Iliyonifundisha kabisa ni ya mgonjwa wa Alhamisi. Alinipa kipimo akasema nikisome polepole, nimtafute mtu. Nikakaa nacho nusu saa. Sikuona kope, sikuona taya. Nikaona vimistari vidogo vidogo vya haraka, vimesongamana, sawasawa, basi. Nikafikiri. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "Mgonjwa huyu amelala usingizi mzito. Hana mwiba. Ametulia. Nadhani ni mtu mzima, mwanamke."

Mpimaji akainuka, akafungua kabati, akatoa boga. Lilikuwa bado na alama za penseli nyekundu na gundi ya waya.

"Mgonjwa huyu hapa," akasema.

Vile vimistari vilikuwa umeme wa ukutani tu. "Umemtafuta mtu, hukumwona, ukamtunga," akaniambia, na hapo hakuwa anacheka. "Usimtunge mtu, Mama Atu. Usipomwona, sema hujamwona." Saa saba mchana tulimchemsha mgonjwa tukamla na chai. Alikuwa mtamu, mwanamke au si mwanamke.

Nisimfanye malaika, alikuwa anaudhi. Alidai ukimya chumbani na yeye ndiye aliyekuwa anaongea. Alikataza kutafuna mlangoni kwa tangazo aliloliandika huku anatafuna. Alimshika mtoto mwenye degedege bila kutetemeka, lakini sindano ya pepopunda alikimbia mara tatu, ya nne tulimfungia mlango. Na hakuwa anasema ndiyo. Ukimuuliza, "Mpimaji, mtoto amepona?" alisema, "Bado namtafuta." Mama akilia, "Niambie basi hana!" alisema, "Bado namtafuta." Nilidhani ni ukaidi wa wazee.

Sababu niliikuta kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, kosa namba moja. Aliniachia nilisome siku mvua ilipokata umeme, yeye mwenyewe akatoka nje. Namba moja ilikuwa kipande cha mawimbi manene, ya polepole, kwa mpangilio, na chini yake ameandika: Mkono wa mama. Alikuwa amerudi tu kutoka kujifunza. Mama alimpigapiga mtoto mgongoni, yeye akasoma kifafa, akaandika kifafa, na mtoto yule akameza dawa miezi minane, akalala lala, akaachishwa shule, akatengewa bakuli. Alipokuja kugundua, kwa kujipima huku mke wake anampigapiga, alitembea mpaka kwao kuomba radhi. Baba wa mtoto hakumkaribisha ndani. Aliomba radhi akiwa uani, mbele ya kuku na majirani, na bakuli lile alilikuta liko juu ya paa la banda. Ameandika hayo kwa mwandiko mzuri, wa taratibu, kama anayenakili Biblia.

Nilifunga daftari. Nikaelewa kwa nini siku ile hakuhitaji kugeuka kuujua mkono wangu.

Alistaafu bila kuaga. Ijumaa alikuwepo, ananisema kuhusu beseni. Jumatatu nikakuta kiti, mkebe wa karanga umejaa, na daftari limefungwa kwa kamba ya bendeji, juu yake karatasi: Endelea na namba. Nilikasirika wiki mbili. Mtu gani anastaafu kama anayekwepa sindano?

Baadaye hospitali ilinipeleka nami kujifunza kupima, wiki chache kama yeye. Nikarudi nikawa napima mimi, daktari wa Mbeya anasaini.

Sasa nifike mwezi uliopita, maana ndiyo mara ya mwisho kukaa na Mpimaji kwenye chumba kile.

Atu ana miaka tisa. Hajakatika muda mrefu, kwa macho yetu. Daktari akasema anataka kipimo kipya kabla hajaamua kama dawa zianze kupunguzwa, na kikiwa kibaya tunaendelea nazo kama zilivyo, hakuna mjadala. Wa kumpima ni nani? Mimi. Nilitaka kukataa, lakini hakuna mwingine. Asubuhi ile nilimwaga gundi.

Mama mkwe alimleta Atu, na kwa mkono wa pili alikuwa amemshika Mpimaji. Mzee alikuwa amekuja kuonyesha macho. Mtoto wa jicho amemfunika, sasa anaona ukungu tu, na Tukuyu ukungu tunao wa kutosha. Alipapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha Atu, nywele zimefumuliwa, zimeoshwa. Akanusa vidole.

"Sabuni tupu? Siku hizi hawaombei watoto?"

"Shikamoo, babu," Atu akasema. "Leo sijaja na uji."

"Marahaba, bibi. Nimeshakunywa, kwenu."

Nikamfunga Atu waya. Nikampa kititia, maana kupuliza kwa nguvu ndiko kunakoita kukatika. Akapuliza dakika tatu nzima, amenuna, maana anajiona mkubwa, na kititia hakikusimama. Nikamlaza. Mpimaji akaomba kiti, akakaa karibu na kitanda. Nikageukia skrini, nikawapa mgongo wote wawili.

Shamba la chai. Vilima vya Kiwira. Anasinzia. Nilianza kupumua.

Halafu ikaja. Minene, ya polepole, kwa mpangilio, inainuka na kushuka, inainuka na kushuka. Wamama wangapi nimewaambia kwenye kiti kile wasiogope, na mimi nilikuwa naona kikombe cha kijani dirishani. Nikajilazimisha. Kwanza mtafute mtu. Taya? Hatafuni. Kope? Zimelala. Moyo? Mstari wake uko pale chini, unakwenda na mambo yake. Jasho? Na baridi hii ya Juni? Inainuka na kushuka. Pa, pa, pa.

Pa, pa, pa?

Sikugeuka.

"Mpimaji."

"Naam."

"Toa mkono."

"Mkono upi?"

Hapo nikageuka. Alikuwa amefumba macho, mkono wa kulia uko mgongoni kwa Atu, anampigapiga, anamwimbia chinichini wimbo wa Kinyakyusa wa kulazia watoto. Akafumbua macho akautazama mkono kwa ule ukungu wake, kama mtu amekuta kuna aliyeusahau pale. Akautoa.

Mistari ikalala.

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Ilikuwa mikubwa?" akauliza hatimaye.

"Kama yangu ya siku ile."

"Kuliko yako?"

"Mpimaji!"

"Nauliza tu." Akaanza kucheka, mabega tu, bila sauti, ili asimwamshe mtoto, mpaka machozi yakamtoka na akayafuta kwa ule mkono wenye makosa. "Iandike," akasema. "Endelea na namba."

Nikafungua daftari nikaandika, na kwa kuwa haoni, nikamsomea: "Mkono wa Mpimaji mstaafu, mgongoni. Si kifafa."

"Umeandika mstaafu?"

"Nimeandika."

"Futa hilo."

"Sifuti."

Kelele zetu zikamwamsha Atu. Akakaa kitandani na mizizi yake ya waya, akatutazama, akauliza vilevile alivyouliza akiwa na miaka mitano: "Nimeshinda?"

Nikamgeukia Mpimaji. Mazoea.

"Unanitazama mimi?" akasema. "Mimi sioni. Mpimaji ni wewe. Mjibu mtoto."

Nikairudisha rekodi mwanzo. Nikaipitia yote, kutoka mstari wa juu mpaka wa chini, wao wamekaa wananingoja. Nikamkuta akipepesa macho. Nikamkuta akimeza mate. Nikamkuta akipuliza kwa hasira. Nikaukuta mkono wa mzee, nikauweka pembeni. Nikatafuta tena. Daktari wa Mbeya atasema ya kwake. Mimi humo ndani nilimwona Atu tu.

"Umeshinda," nikamwambia. "Sasa shuka nikuoshe hiyo gundi."